Mwamba Ngoma: Kauli Zinazopingana juu ya Vita vya Maji Maji na Namna ya Kuzisoma Darasani

Methali yetu yasema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapana jambo linalothibitisha ukweli wa maneno hayo zaidi ya habari za vita. Aliyeshinda husimulia, aliyeshindwa husimulia, na aliyejifungia nyumbani risasi zikipita naye husimulia. Na kila mmoja wao huivuta ngozi upande aliokaa. Kazi ya mwalimu wa fasihi, kama ilivyo kazi ya mwalimu wa tarikhi, ni kumweka mwanafunzi mbele ya ngoma hiyo na kumwuliza ngozi imevutwa wapi, imevutwa na nani, na kwa nguvu gani. Kazi hii ni ngumu, na katika makala haya nataka kuonyesha kwamba aghalabu hatuifanyi, ijapokuwa twadhani kwamba twaifanya.

Nimechagua Vita vya Maji Maji kuwa mfano. Vita hivyo vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima, na havikwisha hata mwaka 1907. Vilienea katika sehemu kubwa ya kusini ya nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo waliingia. Wengine, kama Wahehe, hawakuingia. Jina la vita lilitoka katika dawa waliyogawiwa watu, nayo ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Iliaminiwa kwamba mwenye dawa hiyo risasi za adui humgeukia maji. Mtu anayetajwa zaidi katika habari za dawa hiyo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wadachi walimnyonga huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vyaanza. Mambo haya hayana magomvi makubwa. Magomvi huanza tunapouliza vilikuwa vita vya nini, vilikuwa vita vya nani, na waliovipigana walipata nini.

Kwa bahati njema mwanafunzi wetu hakosi mashahidi. Yupo Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeitawala nchi tangu 1901 hata 1906, kisha akaandika kitabu kilichotolewa Berlin mwaka 1909. Yupo mshairi Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi wa vita hivyo. Wapo wazee wa kusini ambao masimulizi yao yalikusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu yake ikatolewa mwaka 1968 chini ya uhariri wa G. C. K. Gwassa na John Iliffe. Yupo pia Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake, Kinjeketile, ilitoka mwaka 1969. Gavana, mshairi wa mjini, mzee wa kijijini na mwandishi wa tamthilia: wote wanne wanasema juu ya vita vilevile, wala hapana wawili wao wanaosema mamoja.

Je, darasani twawafanyaje mashahidi hawa? Desturi mbili zimeenea. Ya kwanza ni kuwanyamazisha wote. Mwalimu huandika ubaoni sababu za vita, sababu za kushindwa na matokeo, kila moja na nambari yake. Wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani huyarudisha maneno kama walivyoyapokea. Mwanafunzi wa namna hii ajua kwamba pamba ilikuwa sababu, lakini hajui ni nani aliyesema hivyo, wala kwamba walikuwako waliokataa. Amepewa hukumu pasipo kusikia kesi.

Desturi ya pili ni mjadala. Darasa hugawanywa nusu kwa nusu. Hawa huambiwa kwamba wao ni Wadachi, na hawa kwamba wao ni Wamatumbi, kisha hushindana kwa maneno mpaka kengele ilie. Mchezo huu una uchangamfu, na mwalimu hutoka akiamini kwamba amefundisha pande zote za jambo. Walakini mwanafunzi aliyepewa upande kwa kura hakujifunza kuupima, amejifunza kuutetea. Tena hujengewa mazoea ya kudhani kwamba vita vina pande mbili tu, kwamba pande hizo ni sawa kwa uzito, na kwamba mwenye ulimi mwepesi ndiye mwenye haki. Mambo hayo yote matatu si kweli.

Njia ninayoipendekeza si mpya. Ni njia ya kadhi mbele ya mashahidi. Kadhi hamwulizi shahidi ni wa upande gani akaishia hapo. Humwuliza: Ulikuwa umesimama wapi? Ulisema lini, na ulimwambia nani? Kusema kwako kulikupa nini, au kulikugharimu nini? Kisha huwatazama waliohudhuria na kuuliza ni nani aliyeijua habari ambaye hakuitwa. Baada ya hayo yote kadhi hutoa hukumu, kwa sababu kadhi asiyehukumu hakuwatendea haki mashahidi wake. Na tuyajaribu maswali hayo juu ya mashahidi wetu wanne, mmoja baada ya mmoja.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo, yaani majina ya vitabu. Jina la kitabu cha Götzen, likitiwa katika Kiswahili, ni Afrika ya Mashariki ya Kidachi katika Uasi. Utenzi wa Abdul Karim ulipochapishwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1933 huko Berlin, mhariri wake A. Lorenz aliupa jina la Kidachi lenye neno lilo hilo, uasi. Ulipochapishwa tena mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, jina lake likawa Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Hussein hakutumia neno la uasi wala la vita. Aliiita tamthilia yake kwa jina la mtu. Mwanafunzi na ayapime majina hayo kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Mwasi ni mtu aliyevunja utii, na utii hauwezi kuvunjwa ila uwe ulikuwako na ulikuwa halali. Basi mwenye kusema uasi amekwisha kukata shauri kwamba utawala wa Mdachi katika Umatumbi ulikuwa wa haki. Mwenye kusema vita amekubali kwamba walikuwako wawili, kila mmoja na jeshi lake na neno lake. Mwenye kuita kitabu kwa jina la mtu atuelekeza katika moyo wa mtu huyo. Yote hayo yamekwisha kusemwa, na hoja hata moja haijatolewa.

Sasa tumwite Gavana. Alisimama Dar es Salaam, penye makao ya serikali, na habari za vita zilimfikia kwa barua na simu za maafisa wake. Kitabu chake alikiandika akiwa amekwisha kuondoka nchini, kwa wasomaji wa kwao, katika siku ambazo mambo ya makoloni yalikuwa yakibishaniwa sana. Kitabu hicho si cha kutupwa. Juu ya safari za majeshi na mashauri ya maafisa, Götzen alijua mambo ambayo hapana mzee wa Umatumbi aliyeweza kuyajua. Lakini afikapo kwenye sababu, hutia mkazo juu ya waganga na ushirikina kuliko juu ya pamba, kodi na kiboko. Mwanafunzi aulizwe kwa nini. Mashamba ya pamba ya shuruti yalianzishwa mwaka 1902, katika utawala wake yeye mwenyewe. Kama chanzo cha vita kilikuwa pamba, basi kosa lilikuwa la mwenye kuamuru pamba. Kama chanzo kilikuwa uganga, kosa lilikuwa la ujinga wa watu wengine. Sisemi kwamba alidanganya kwa kusudi. Nasema kwamba ni vigumu mtu kukiona kitu alichokikalia.

Wala mwanafunzi asidhani kwamba Wadachi wote walikuwa na kauli moja. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyeishika nchi baada ya Götzen mwaka 1906, aliyatazama zaidi mambo ya uchumi na udhia wa utawala kuwa ndiyo yaliyowasukuma watu kupigana, na siasa yake ikageuka kwa kufuata maoni hayo. Katika Bunge la Udachi walikuwako waliozishutumu dhuluma za makoloni waziwazi, miongoni mwao August Bebel na Matthias Erzberger. Jambo hili lina faida kubwa darasani. Mwanafunzi aliyezoea kusema kwamba Wadachi walisema hivi na Waafrika wakasema hivi, hapa hulazimika kuuliza: Mdachi yupi, wa kazi gani, na wa mwaka gani? Akiisha kuuliza hivyo juu ya Wadachi, hatakuwa na udhuru wa kutouliza hivyo juu ya watu wa kwao.

Mshairi wa Lindi ndiye shahidi tunayemwonea zaidi. Wasomaji wengi wa leo humwendea wakitaraji kwamba atawasifu wapiganaji wa bara kama tunavyowasifu sisi, nao wasipoyapata hayo humwita kibaraka, wakafunga kitabu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mshairi alisimama katika mji wa pwani, wenye boma, gereza, maduka na misikiti. Pwani yenyewe ilikuwa imekwisha kupigana na Wadachi mwaka 1888 na 1889, wakati wa Abushiri na Bwana Heri, ikashindwa. Watu wazima wa mwaka 1905 waliyakumbuka hayo. Tena maakida wengi waliotumwa bara kusimamia pamba na kodi walikuwa watu wa pwani au Waarabu, na akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa. Wamatumbi walipoteremka Samanga na kuteketeza mali, mtu wa pwani hakuona ukombozi ukimjia. Aliona moto ukimjia. Yeye ni Mwislamu, na dawa ya maji kwake ni uganga. Mshairi wa mahali hapo, wa dini hiyo na wa kizazi hicho, akisema kwa hadhari au kwa chuki juu ya watu wa maji, hakuacha kuwa shahidi. Atushuhudia jambo ambalo Gavana na mzee wa kijiji wote wawili hawawezi kutupa, nalo ni hofu ya mtu aliyekaa katikati.

Umbo la utungo nalo lina neno lake. Utenzi, kwa desturi yake, huanza kwa jina la Mungu na huyaona mambo ya dunia kuwa yamo katika kadari yake. Vita ndani ya utenzi huwa ni mtihani na ibra kwa wanaobaki. Sharti mwanafunzi ajue desturi hiyo, asije akachukua kawaida ya bahari ya utenzi kuwa ndiyo siasa ya mshairi. Kadhalika ajue kwamba utenzi huu umetufikia kwa mikono ya wahariri wa Kizungu, Mdachi kwanza na Mwingereza baadaye. Twawashukuru kwa kuuhifadhi. Na shukrani haituzuii kuuliza ni tungo gani nyingine ambazo hazikuonekana kuwa zastahili kuchapwa.

Tukija kwa wazee wa mwaka 1968, twaja kwa sauti tunazozipenda, na kwa hiyo hapa ndipo panapotakiwa uangalifu zaidi. Masimulizi yao yalifanya kazi kubwa. Yaliirudisha pamba mahali pake, yakaonyesha kazi ya shuruti, viboko, na dharau ya kumpiga mtu mzima mbele ya wanawe. Na yalionyesha kwamba maji, pamoja na kuwa kinga ya risasi, yalikuwa kiapo kilichowafunga pamoja watu ambao hapo kwanza hawakuwa na mfalme mmoja. Bila kazi ile tungekuwa tukimsoma Götzen peke yake hata leo. Walakini wazee hao nao walisimama mahali. Walisema zaidi ya miaka 60 baada ya mambo kutokea, na wengi walisimulia waliyoyasikia kwa baba zao. Waliulizwa na vijana wa nchi mpya, miaka 7 tu baada ya Uhuru. Julius Nyerere, alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alikuwa amekwisha kuvitaja vita hivyo kuwa ni ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuukubali utawala wa kigeni. Nchi ilihitaji mzizi, na Maji Maji ikawa mzizi. Wataalamu waliofuata, kama Thaddeus Sunseri mwaka 1997 na wale waliokusanywa na James Giblin na Jamie Monson katika kitabu cha mwaka 2010, walirudi wakauliza kama kila mahali palipigania jambo moja, wakaona njaa, nguruwe walioharibu mashamba, magomvi ya majirani na mashauri ya nyumbani baina ya wanaume na wanawake. Basi ngozi hapa nayo ilivutwa, ijapokuwa ilivutwa na mikono tunayoiheshimu.

Ebrahim Hussein alikuja mwisho, naye alifanya jambo ambalo hapana shahidi mwingine aliyeweza kulifanya: aliutia ugomvi wa kauli ndani ya mtu mmoja. Kinjeketile wa tamthilia hutoka majini akiwa na neno la umoja na dawa. Lakini katika neno hilo mmetajwa pia utawala wa Seyyid Said, naye akizinduka huingiwa na mashaka: watoke mikononi mwa Mdachi waingie mikononi mwa mwingine? Hutaka watu wangoje, wajizoeze, wapate nguvu. Kitunda, aliye jemadari, ana hesabu zake za vita. Na watu wana haraka yao, kwa sababu wana njaa na wamechoka kupigwa. Neno lililotoka kinywani mwa mwenyewe limekuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni, gerezani, atakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Hakubali, si kwa sababu aamini kwamba risasi ziligeuka maji, bali kwa sababu ajua maneno hayo yatapelekwa kwa watoto wa kesho, nao wataambiwa kwamba babu zao walikosa kupigana.

Hii ni fasihi ya hali ya juu, nayo yafundisha zaidi ya mijadala mia moja ya darasani, kwa kuwa humfanya msomaji ajue kwamba neno moja laweza kuwa si kweli kwa upande wa risasi na likawa kweli kwa upande wa haki. Lakini walimu wengi huifundisha tamthilia hii kana kwamba ni tarikhi, na hilo ni kosa ambalo mwandishi mwenyewe alitahadharisha, aliposema katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Tazama mpango wa mambo. Katika tamthilia Kinjeketile yu hai wakati watu wanaposhindwa na bombomu, ndipo aulizwapo swali lile gerezani. Kinjikitile wa tarikhi alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 ya mwezi huo, na Wangoni walikuwa hawajaingia. Yeye hakuyaona maji yakishindwa kama tulivyoambiwa jukwaani. Swali la gerezani ni swali la mwaka 1969, lililoulizwa kwa niaba ya watoto waliokuwa wamekwisha kuzaliwa. Mwanafunzi akilijua hili hapotezi ladha ya tamthilia. Hupata kuona mahali ambapo mwandishi alishika tarikhi akaipinda, na sababu ya kuipinda. Tena ataweza kutoa lawama ya haki: kwamba Hussein, aliyeutazama moyo wa Kinjeketile kwa uangalifu mwingi, aliwaachia Wadachi na askari nafasi ndogo, wakawa kama viboko visivyo na watu nyuma yao.

Lakini askari walikuwa watu, na jambo hili ndilo linaloumiza. Majeshi ya Wadachi hayakuwa ya Wazungu watupu. Waliofyatua bunduki wengi wao walikuwa Waafrika: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo, na huko Mahenge walipigana pamoja nao watu wa Kiwanga, mkuu wa Wabena. Ndani ya darasa moja la leo aweza kukaa mjukuu wa mtu aliyenyongwa Songea na mjukuu wa askari aliyeshika kamba. Mjadala wa Wadachi na Wamatumbi hauna kiti cha kumkalisha mtoto huyo wa pili. Humtaka akane babu yake au anyamaze. Njia ya kadhi ina kiti chake. Humwuliza babu yake alisimama wapi, alikuja na nani, alilipwa nini, na angetendwa nini kama angekataa. Kisha haimwondolei hatia aliyoistahili.

Vivyo hivyo yatupasa kutoficha damu iliyomwagwa na upande tunaouhurumia. Tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabradha wawili na masista wawili waliokuwa safarini naye. Mwalimu anayelipita jambo hili kimya kwa kuogopa kuwachafua mashujaa amewafunza wanafunzi wake kwamba haki ya vita haiwezi kusimama ila kwa uongo. Mwalimu anayelitaja hili tu, akaacha vijiji vilivyochomwa na ghala zilizoteketezwa, amefanya lililo baya zaidi. Yote mawili yasemwe, na kila moja lisemwe kwa kipimo chake.

Na vipimo vipo. Katika vita vyote walikufa Wazungu 15 wa jeshi la Wadachi. Juu ya wenyeji, hesabu ya serikali ya Wadachi ilifika watu 75,000, na Gwassa alikadiria kwamba walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi na aulizwe tofauti hiyo yatoka wapi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya maafisa kuamua kuharibu mazao na akiba ya chakula, ili nchi isiyoshindika kwa bunduki ishindwe kwa tumbo. Ukihesabu maiti za uwanjani utapata hesabu moja. Ukihesabu makaburi ya njaa utapata nyingine. Hapa mwanafunzi ajifunza kwamba hata nambari, ambayo huonekana haina upande, ina mahali iliposimama. Na ajifunza pia kwamba hapana mahali pa kusimama pawezapo kuligeuza lundo la wafu wa upande mmoja likalingana na wale 15.

Yabaki swali la mwisho la kadhi: ni nani asiyeitwa? Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi haziandiki vitabu. Tamthilia ya Hussein huanza kwa mazungumzo ya wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, na hiyo ni hekima kubwa ya mwandishi. Lakini baadaye wanaume huijaza jukwaa. Katika kitabu cha Gavana wanawake ni wachache mno, na wazee walioulizwa mwaka 1968 walikuwa wengi wao wanaume. Mwanamke aliyebaki na watoto mumewe alipokimbilia msituni, mpagazi aliyebeba sanduku la risasi asizojua zaenda kumwua nani, mtoto aliyechimba mizizi mwaka 1907: hawa walivijua vita kwa mwili. Mwalimu hawezi kuwatungia maneno. Aweza kuviacha viti vyao wazi na kumzuia mwanafunzi asivikalie.

Najua kwamba watakuwako wa kuniuliza: kumwita Götzen mbele ya wanafunzi wetu si kumheshimu mwuaji na kuwatukana waliouawa? Hoja hii ina uzito, na aliyefiwa ana haki ya kuitoa. Jibu langu ni kwamba shahidi haitwi ili asifiwe. Mtoto aliyekatazwa kumsoma Götzen atakutana na maneno yake siku moja, yamevaa kanzu nyingine, naye hatayatambua. Dhana kwamba watu wanaoteswa hawainuki ila wamedanganywa na waganga haikufa na Gavana. Yasemwa hadi leo juu ya watu wengine na nchi nyingine. Aliyeisoma ilipozaliwa, akaona ni nani aliyeihitaji na kwa nini, ataijua akikutana nayo.

Wengine watasema kinyume: kwamba baada ya kuzisikia kauli zote mwalimu aache kila mwanafunzi abaki na maoni yake, kwa kuwa kila ngozi imevutwa. Hili nalikataa kwa nguvu zaidi. Kujua kwamba mashahidi wote wana mahali waliposimama si kujua kwamba wote wameona sawa. Wadachi walikuja kutoka mbali, wakawalazimisha watu kulima wasichokila, wakawapiga waliokataa, na walipopingwa wakawaua kwa risasi na kwa njaa. Mambo haya yathibitishwa na kauli za wazee, na kauli za Wadachi wenyewe hazikuyaangusha. Mwanafunzi aliyepitia mashahidi wote akafika hapo, amefika kwa miguu yake, wala hapana atakayemrudisha nyuma kwa maneno matamu. Aliyepewa hukumu hiyo ubaoni ataiacha siku atakapokutana na msemaji hodari kuliko mwalimu wake.

Mambo haya si ya kale tu. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, na kumbukumbu yao hufanywa mahali hapo kila mwaka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, ambao walikuwa bado wakitafuta kichwa cha babu yao kinachosadikiwa kuwa kilichukuliwa Ujerumani, akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wadachi. Götzen aliandika uasi. Miaka 114 baadaye mkuu wa dola ileile alisimama kaburini akasema maneno mengine. Mwalimu anaweza kuziweka kauli hizo mbili mezani asubuhi moja, akawauliza wanafunzi wake ni nini kilichobadilika katikati, na ni nini ambacho msamaha peke yake hauwezi kukirudisha. Kisha na akae kimya awasikilize, kwa maana miongoni mwao wamo wenye makaburi huko.